Dumu la Tatu

Masomo ya juma: Ruthu 2:1–18, Yohana 6:1–13



Wiki tatu zilizopita niliitwa kwenye kikao cha ukoo katika kitongoji kimoja cha usharika wetu. Kikao kilikuwa na jambo moja tu: ndugu yao, seremala aliyevuka miaka hamsini, ambaye tangu mkewe afariki anaonekana zaidi kilabuni kuliko nyumbani. Mwenyewe hakuitwa. Waliozungumza ni watu wazima wenye heshima zao, na wengi wao nawapa Chakula cha Bwana kwa mikono yangu mwenyewe. Walihesabu mbao za wateja alizouza, randa na misumeno iliyobaki rehani kwa muuza pombe, ada ya mtoto iliyopotea njiani kabla ya kufika shuleni. Yote yalikuwa kweli. Mwishowe kaka yake mkubwa akanitazama, akasema kwa sauti ya mtu ambaye hasira imemwisha na kilichobaki ni uchovu: "Mchungaji, huyu ameshakuwa machicha."

Hakuna aliyebisha. Nami sikubisha. Niliomba sala ya kufunga, nikanywa chai niliyokaribishwa, nikarudi nyumbani.

Wasomaji wa pwani wanayajua machicha ya nazi, yale yanayobaki baada ya tui kukamuliwa. Huku kwetu mlimani neno hilo lina nyumba nyingine. Mbege hupikwa kwa ndizi mbivu. Ndizi huchemshwa, huachwa zichachuke siku kadhaa, kisha huchujwa na kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewe hutiwa ili kuleta uchungu unaotakiwa. Kinachobaki kwenye chujio ni machicha. Ng'ombe watakula kiasi, nguruwe watakula kiasi, na mengine humwagwa chini ya migomba, ambako nzi huyakuta kabla ya jua kupanda. Kumwita mtu machicha ni kusema kwamba kilicho chake kimekwisha kunywewa na wengine, na sasa ananuka.

Jumamosi iliyofuata, nikiwa ofisini natayarisha mahubiri, alibisha hodi binti mmoja wa kidato cha tano, mwanakwaya wetu wa vijana. "Shikamoo Mchungaji." Nikamwitikia, akaniomba nimfuate kwenye stoo nyuma ya kanisa. Mwezi mmoja kabla alikuwa ameniomba ruhusa ya kuweka humo vitu vyake vya mazoezi ya sayansi, kwa kuwa mama yake amechoshwa na harufu. Nilikuwa nimekubali bila kuuliza ni vitu gani.

Yalikuwa madumu sita ya lita tano, yamekatwa sehemu ya juu na kupangwa mstari. Ndani ya kila dumu alikuwa ameweka tope la mfereji, na ndani ya tope amechanganya machicha ya mbege. Harufu ilikuwa kali, ya uchachu. Chini kabisa ya tope alikuwa amezika vijiti vyeusi vya kaboni, vile ambavyo watoto huvitoa ndani ya betri za redio zilizokwisha, na juu, kwenye maji yanayogusana na hewa, ameweka vijiti vingine. Waya zilitoka kijiti hadi kijiti, dumu hadi dumu, na mwisho wa mstari kulikuwa na kitaa chekundu kidogo kuliko punje ya hindi. Alitaka kunionyesha umeme unaotoka kwenye machicha.

Nimemwomba anieleze mara tatu, nami nitawaeleza kama nilivyoelewa, maana ni kazi ya Mungu inayostahili kueleweka. Kiumbe chochote kinachokula, baada ya kukivunja chakula chake, kinabaki na elektroni mkononi na lazima kipate mahali pa kuzikabidhi. Sisi tunazikabidhi kwa oksijeni tunayoivuta. Ndiyo maana mtu aliyeshiba hufa kwa dakika chache akinyimwa hewa. Lakini wapo bakteria wanaoishi chini ya tope ambako hewa haifiki. Hao huzikabidhi elektroni zao kwa kitu kigumu kilicho nje ya miili yao, kama kutu ya chuma. Ukiwawekea kijiti cha kaboni, watakishikilia, watajenga utando juu yake, na watakikabidhi kila wanachobaki nacho. Elektroni hupanda kwa waya hadi kijiti cha juu penye hewa, na huko hukutana na oksijeni na protoni, vikawa maji. Safari ile ya kwenye waya ndiyo umeme. Hewa ikiingia chini kwenye tope, bakteria watazikabidhi elektroni hapo hapo kwa oksijeni, na kwenye waya hapatapita chochote.

Kila dumu peke yake, akaniambia, hutoa karibu nusu volti. Ukiyaunga sita mfuatano, kama tunavyopanga betri kwenye tochi, unatarajia kama volti tatu, zinazotosha kukiamsha kitaa chekundu. Akaunga waya wa mwisho. Tukafunga mlango ili giza liingie. Kitaa hakikuwaka.

Akachukua kipimo chake, akapima dumu moja moja. La kwanza zuri, la pili zuri. La tatu kipimo kiliandika namba yenye alama ya kutoa mbele yake. Halikuwa limepungua tu, lilikuwa limegeuka. Matano yalikuwa yakisukuma na lile moja likivuta kurudi nyuma, likila kazi ya wenzake.

Nikasema lile ambalo kila mmoja wenu angelisema: "Basi litoe. Unga matano."

Akatikisa kichwa. "Halijaharibika, Mchungaji. Lina njaa."

*

Usiku ule nilisoma hadi saa sita, nikitafuta kujua jambo hili la umeme wa bakteria limetoka wapi.

Limeanzia kwenye chachu. Mwaka 1911 Michael Cresse Potter, profesa wa mimea katika Chuo Kikuu cha Durham kule Uingereza, alitangaza kwamba ametumbukiza platini ndani ya hamira inayochacha na kupata umeme. Ulikuwa mdogo, chini ya volti moja, na kwa miaka mingi watu wachache tu ndio waliouona kuwa na maana. Ilichukua muda mrefu kujulikana kwamba wapo bakteria wanaoweza kukabidhi elektroni kwa kitu kigumu bila msaada wa dawa yoyote. Mwaka 1987 Derek Lovley aliwapata bakteria wa namna hiyo kwenye tope la mto Potomac, Marekani, wale ambao baadaye walipewa jina la Geobacter. Walikuwa wakiishi kwa kuivuta kutu kama sisi tunavyovuta hewa. Walikuwapo humo siku zote, chini ya mto unaopita katika mji mkuu wa taifa kubwa, na hakuna aliyewatuma wala kuwapandikiza.

Kilichonishika zaidi ni habari ya Yatala. Ni mahali kati ya Brisbane na Gold Coast, katika jimbo la Queensland, Australia, penye kiwanda kikubwa cha bia ambacho wakati huo kilikuwa cha Foster's. Mwaka 2007 eneo lile lilikuwa katika ukame mzito, hata wakazi wa Brisbane walikatazwa kumwagilia bustani kwa mpira. Wakati huo huo kila lita ya bia, popote inapotengenezwa kiwandani, huacha nyuma lita kati ya tatu na kumi za maji machafu: maji ya kuoshea matangi, masalia ya hamira, sukari na wanga ambavyo havikugeuka pombe. Maji hayo si sumu. Ubaya wake ni kwamba yana chakula kingi mno. Yakimwagwa mtoni bila kusafishwa, vijidudu vya mtoni huyashambulia, huongezeka, hutumia oksijeni yote iliyomo majini, na samaki hukosa pumzi. Mto hufa kwa shibe iliyoletwa mahali pasipo pake.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland, wakiwemo Jurg Keller na Korneel Rabaey, walisimamisha kiwandani pale mirija 12, kila mmoja wenye urefu wa mita 3, ambayo kwa pamoja ilibeba karibu lita 1,000. Ndani yake waliweka brashi za nyuzi za kaboni ili bakteria wapate mahali pengi pa kushika. Maji machafu yaliingizwa yapite kwenye brashi, bakteria wale masalia yaliyomo, umeme upatikane, na maji yatoke yakiwa na mzigo mdogo. Keller aliwaeleza waandishi wa habari tangu mwanzo kwamba kazi kuu ni kuyasafisha maji. Umeme ni nyongeza.

Naomba msilipite neno hilo haraka, kwa sababu mimi nililipita mara ya kwanza. Nilikuwa nikitafuta umeme. Nilitaka hadithi ya machicha yanayowasha mji, ili Jumapili nisimame madhabahuni niseme: tazameni, hata mlichokitupa kina nguvu! Mahubiri ya namna hiyo nimeyatoa mara nyingi, na sasa nayaona yana kasoro. Yanampima aliyetupwa kwa kile atakachotuzalishia. Kule Yatala umeme uliopatikana ulikuwa kidogo. Maji ya kiwanda cha bia hayana chumvi ya kutosha, na maji yenye chumvi kidogo hupitisha umeme kwa shida. Tena utando wa vijidudu uliota kupita kiasi mahali ambapo haukutakiwa. Miaka michache baadaye, kwenye kiwanda cha mvinyo kule Oakville, Napa, jimbo la California, timu ya Bruce Logan wa Chuo Kikuu cha Penn State ilijenga mtambo wa lita 1,000 unaofanana na huo. Walitaka maji machafu ya mvinyo yawape gesi ya haidrojeni. Vijidudu vya aina nyingine vikaingia, vikaila haidrojeni, na sehemu kubwa ya gesi iliyotoka ikawa methani. Hata hivyo zaidi ya nusu ya uchafu uliokuwa ndani ya maji yale ulikuwa umeondolewa.

Kwa hiyo mtu akiuliza kama umeme huu utaendesha kiwanda cha bia, nitamjibu kwamba kule Yatala haukukiendesha. Akiuliza kama maji yametoka safi kuliko yalivyoingia, nitamwambia ndiyo. Na mimi nayaheshimu majibu yote mawili.

Upo umeme mdogo uliopata kazi ya kuufaa, na haukutoka mbali na sisi. Kule Kisoro, Uganda, mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha West of England, Bristol, walioongozwa na Ioannis Ieropoulos, waliweka mtambo wa bakteria wa aina hii kwenye shule moja ya wasichana. Chakula cha bakteria hao kilikuwa mkojo, si pombe, na mtambo uliwasha taa za vyoo usiku. Mwenye binti aliye bweni anaelewa taa ya choo ni kitu gani saa nane za usiku.

*

Katika kusoma nilikutana na jambo lililonirudisha kwenye Biblia. Chakula wanachokipenda sana bakteria wa umeme si sukari yenyewe. Sukari kwanza huvunjwa na vijidudu vingine, na mwisho wa kuvunjwa huko inapatikana asidi ile ile iliyomo ndani ya siki. Kila molekuli moja ya asidi hiyo huwapa elektroni nane. Siki ni mwisho wa pombe. Mvinyo ukisahauliwa penye hewa, hapo ndipo unapoishia, na mnywaji anayeukuta huumwaga.

Ruthu alikula siki. Kitabu chake, sura ya 2, kinasimulia jinsi yule mjane Mmoabi alivyotoka asubuhi kwenda kuokota masazo ya shayiri nyuma ya wavunaji. Yeye mwenyewe alikuwa masazo: mgeni, hana mume, hana mtoto, ameambatana na Naomi, mkwe aliyesema wazi mbele ya wanawake wa Bethlehemu kwamba amerudi mtupu. Ulipofika wakati wa chakula, Boazi, mwenye shamba, alimwita akaribie, ale mkate na kuchovya tonge lake katika siki. Akampa na bisi. Ruthu alikula akashiba, akasaza.

Nimehubiri sura hii kwenye harusi zaidi ya nilivyoweza kuhesabu, na kila mara nimekimbilia ukarimu wa Boazi shambani, pale anapowaagiza vijana wake waachie masuke kwa makusudi. Sikuwahi kusimama kwenye mpangilio wa mambo. Ruthu anaitwa kula kabla ya agizo hilo. Baada ya kula ndipo anapoinuka kuokota tena, na hadi jioni anapopura anapata kama efa moja ya shayiri. Na kile alichokisaza hakukiacha; alikichukua, akampelekea Naomi. Tonge lililochovywa siki mchana lilifika usiku kwenye nyumba ya mwanamke aliyejiita mtupu.

Yohana naye, sura ya 6, anasimulia kwamba maelfu ya watu walipokwisha kushiba, Bwana aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki ili kisipotee kitu. Vikajaa vikapu 12. Hapo tena, kukusanya kunakuja baada ya kulisha. Hakuwaagiza wanafunzi wazunguke kwanza kati ya wale maelfu wakiuliza nani amestahili.

*

Jumatatu nilirudi stoo. Binti alikuwa amelitenga dumu la tatu, amelifungulia waya, na kulipa chakula: vikombe viwili vya majimaji ya machicha, na maji kidogo ya mfereji. Nikamwuliza kwa nini lile moja ndilo lililoona njaa wakati yote alikuwa ameyapa sawa siku ya kwanza.

Akaniambia hakuyapa sawa. Dumu la tatu alilijaza mwisho, machicha yalikuwa yamebaki kidogo, akaona yatatosha. Kwa siku za mwanzo yalitosha kweli. Likipimwa peke yake lilisoma vizuri kama mengine. Njaa yake ilionekana lilipofungwa kwenye mstari na kutakiwa kupitisha mzigo sawa na yaliyoshiba. Mfuatano haumwulizi mtu amekula nini. Kinachopita kwa wa kwanza lazima kipite kwa wa tatu, na wa tatu asipokuwa nacho, wenzake wanamsukuma hadi anageuka. Watafiti wa mitambo hii wanalifahamu tatizo hili vizuri. Wameliona kwenye maabara zao mara nyingi, na moja ya sababu zake kubwa ni hiyo hiyo ya chombo kimoja kuishiwa chakula.

Nilikaa juu ya benchi lililovunjika humo stoo, na yule seremala akaja mbele yangu kama vile amefungua mlango. Mkewe alifariki miaka minne iliyopita. Siku tatu za msiba nyumba ilijaa, sufuria hazikutoka motoni. Siku ya nne tuliondoa turubai. Mama yule ndiye aliyekuwa akipika, akilima, akiuza maziwa, akijua mteja gani analipa na mteja gani anadaiwa. Sisi tulimrudisha mume kwenye mstari siku ya kumi. Alitakiwa achangie ujenzi wa nyumba ya mwinjilisti kama wenzake, atoe ahadi kama wenzake, atoe mbao za jeneza la mwingine kwa mkopo. Nilimsomea jina lake mwenyewe, kwa sauti, kwenye orodha ya wadaiwa wa ahadi. Tulimsukuma tukashangaa anageuka.

Sisemi hivyo ili kumwondolea mtu dhambi yake. Mbao aliziuza yeye, na ada ya mtoto aliinywa yeye. Bakteria hawana la kuchagua, binadamu analo, na hapa mfano wa dumu unafika mwisho wake; nitakuwa nimewadanganya nikiuvuta zaidi. Wala siwasifii mbege kwa kuwa machicha yake yamenifundisha. Nimezika vijana wengi mno walioanzia kwenye kata ya mbege ya mchana wakaishia kwenye gongo.

Lakini kuhusu njaa sisemi kwa mfano. Jumanne nilikwenda kwake nikiwa na muuguzi mmoja mstaafu wa usharika wetu. Jiko lilikuwa baridi, majivu yameshikana kwa unyevu. Muuguzi alimtazama mikono, akamwuliza anakula nini, akajibu kwamba mbege inamtosha. Tulipotoka nje alinieleza jambo ambalo nadhani nyumba nyingi hazilijui: mtu anayekunywa sana bila kula hupungukiwa vitamini B1, na upungufu huo huharibu mishipa ya fahamu na ubongo, miguu ikakosa nguvu, kumbukumbu ikapotea, mpaka watu wakadhani ni ulevi tu kumbe amelewa na njaa pia. Tena akanionya tusimfungie ndani na kumkatia pombe ghafla, kama baadhi ya ndugu walivyopendekeza kikaoni. Mnywaji wa miaka mingi akikatiwa ghafla anaweza kupata degedege na kufa. Anatakiwa kupelekwa hospitali, asimamiwe na daktari. Naomba wote mnaomhifadhi ndugu wa namna hii mlishike neno hilo.

Seremala hakusema mengi siku ile. Aliniuliza tu kama nimekuja kwa ajili ya ahadi. Nilimwambia hapana, na niliona hakuniamini.

Jumatano asubuhi mama jirani yake alimpelekea uji wa ulezi, ule ule ulezi tunaotengenezea kimea. Alhamisi akampelekea tena. Ijumaa kaka yake, yule yule wa kikaoni, alikuja na kiporo cha makande kwenye bakuli, akasimama mlangoni bila kujua aseme nini, akaketi. Jumamosi seremala alikwenda kilabuni. Jumapili hakuja ibadani. Jumatatu alikubali kwenda hospitali na kaka yake, na sasa anahudhuria kliniki. Sijui wiki ijayo itakuwaje, na sitaki mtu yeyote amfanye kuwa ushuhuda wa mkutano wa injili. Mwacheni ale.

Kule stoo, siku ya tano baada ya kulishwa, dumu la tatu lilisoma karibu nusu volti, bila alama ya kutoa. Binti aliliunga tena katika mstari wake, tukafunga mlango, na kitaa chekundu kikawaka hafifu kabisa, kama jicho la kaa linalokaribia kuzimika. Hakingeweza kumulika hata ukurasa wa Biblia. Tulikitazama mpaka macho yakazoea giza. Kisha akafungua daftari lake akaandika, mbele ya kila dumu, kiasi cha machicha na tarehe ya kulilisha, ili asirudie kosa la kulijaza moja kwa mabaki.

Tumejifunza kutoka kwenye daftari lile. Wazee wa kanisa wamekubaliana kwamba kabla ya jina la mtu kusomwa kwenye orodha ya wadaiwa wa ahadi, mzee wa mtaa wake atakwenda kwanza nyumbani kwake, aingie hadi jikoni, aone kama moto umewashwa. Na kwa ajili ya seremala, pamoja na wajane wawili na mzee mmoja anayeishi peke yake karibu na mfereji, tumeandika zamu ya chakula. Zamu ni ya mlo mmoja kwa siku, uji au chakula cha mchana, upelekwe kwa mkono na mpelekaji aketi mpaka chombo kiwe kitupu.

Karatasi imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya usharika. Jumatatu hadi Jumatano zimejaa, na Ijumaa imechukuliwa na kwaya ya vijana. Alhamisi, Jumamosi na Jumapili bado hazina majina.